Virtua Tennis ya kwanza wachambuzi waliipa 92, ya nne wakaipa 70. Kilichoharibika ni gemu au ni wao?

#1 Mtu_wa_Ngamiani

Wakuu, heshima kwenu. Juzi nilikuwa napekua Metacritic, ile tovuti inayokusanya alama za wachambuzi na kuzifanya namba moja kwenye 100, kuangalia gemu za zamani zilipewa alama gani, nikakwama kwenye tenisi. Virtua Tennis ya Sega, ile ya mwaka 2000 ya Dreamcast, mashine ya nyumbani ya Sega, ina 92. Virtua Tennis 4 ya mwaka 2011, yenye Federer, Nadal, Djokovic na picha za kung'aa, iko kwenye 70 hivi.

Zote mbili nimezicheza. Ya kwanza kwa emuleta (programu inayoiga mashine ya zamani) kwenye laptop, ya nne kwenye PS3 ya banda moja la gemu hapa Tanga, barabara ya 12. Mkononi naona ni kitu kilekile: unawahi mahali mpira utakapoangukia, unabana batani mapema ili pigo lijae nguvu, unasukuma stiki upande ambao mwenzio hayupo. Ukichelewa, mchezaji anajirusha chini na mpira unarudi umelegea. Mtoto wa miaka saba anaelewa kabla soda haijaisha.

Sasa nauliza. Kama kucheza ni kulekule, na wachezaji wameongezeka, viwanja vimeongezeka, zile alama 22 zimekwenda wapi? Msimamo wangu: wachambuzi waliacha kupima mchezo, wakaanza kuhesabu vitu vilivyomo kwenye CD. Nipingeni kwa hoja.

#2 Kitumbua_cha_Alfajiri

Nimekaa mkao wa kula. Tenisi leo, jamani? Humu tumezoea nyuzi za gemu za mpira wa miguu, PES na FIFA.

#3 FundiPadi_Makorora

Mleta uzi, angalia mwaka. Virtua Tennis ilianza 1999 kama gemu ya mashine za sarafu, kwenye bodi ya Sega iitwayo NAOMI. Vifaa vya ndani ya NAOMI na vya ndani ya Dreamcast ni karibu sawa, kwa hiyo gemu ilipohamia nyumbani 2000 ilifika nzima. Kabla ya hapo gemu ya mashine ikija nyumbani inakuja imekatwakatwa, watu wana pembepembe usoni. Aliyekuwa na mashine za kabla yake, N64 au PS1, akiona mchezaji anageuza kiuno kabla ya kupiga, halafu anajikusanya na kurudi katikati ya uwanja, lazima atoe 9 kwa 10. Mwaka 2011 hayo kila gemu inafanya. Alama ile ni ya siku ile.

#4 Mwana_wa_Chumbageni

Naunga mkono. Halafu ya kwanza ilikuwa na Serena na Venus, enzi hizo ndio wanaitikisa dunia. Majina nayo yanabeba.

#5 Dada_Raskazone

@Mwana_wa_Chumbageni hapana. Kwenye ya kwanza hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Walikuwa wanaume wanane: Courier, Henman, Johansson, Haas, Kafelnikov, Moya, Philippoussis na Pioline. Sampras hayumo, Agassi hayumo. Serena, Venus, Seles na Davenport waliingia kwenye ya pili, 2001. Hiyo ya pili ndiyo niliyokulia. Binamu yangu alikuja nayo kutoka Muscat pamoja na Dreamcast, na mimi Seles nilikuwa simwachii mtu.

Na hapo hapo namuuliza FundiPadi. Ya pili iliongeza wanawake na batani ya kukata mpira, zaidi ya hapo ni mchezo uleule, na wachambuzi waliipa alama za juu vilevile. Kama ugeni peke yake ndio uliobeba 92, mbona ya pili haikuanguka?

#6 FundiPadi_Makorora

Ni mwaka mmoja tu, dada, utamu ulikuwa haujaisha. Halafu kumbuka 2001 ndio mwaka Sega walipotangaza wanaacha kutengeneza Dreamcast. Wachambuzi wengi waliipenda ile mashine, na kila gemu nzuri iliyotoka wakati ule waliishika kwa mikono miwili. Huruma nayo inaingia kwenye alama, hawa ni binadamu.

#7 Kocha_wa_Asubuhi

Mnakwepa jambo lililotokea katikati. Mimi nafundisha watoto tenisi hapa mjini, kwa hiyo nitasema kwa upande wa uwanjani.

Mwaka 2003 ilitoka Top Spin kwenye Xbox, kazi ya PAM ya Ufaransa. Ile ilibadilisha swali lenyewe. Kwenye Virtua Tennis ukishauwahi mpira umemaliza kazi: hautoki nje kirahisi, na wavu unaugusa kwa nadra sana. Uwanjani sivyo. Watoto wangu pointi nyingi wanazipoteza kwa makosa yao, si kwa ustadi wa mpinzani, na hata mabingwa wanakosea sana. Top Spin ikaleta hofu hiyo: kuna mapigo ya hatari, ukiachia batani muda si wake mpira unakwenda nje. Tangu hapo mchambuzi anayeijua tenisi akishika Virtua Tennis anajiuliza, mbona sikosei?

Na mwaka 2011 ukawa mbaya kwa Sega, kwa sababu Top Spin 4 na Virtua Tennis 4 zilitoka zikifuatana, miezi haipishani sana. Zikapimwa pamoja na Top Spin ikatoka juu. Hizo alama 22 mnazozitafuta nyingine ziko huko.

#8 Mzalendo_wa_Pweza

Kocha, hiyo raketi yako ni ya nyuzi au ile ya kuchaji, ya kuulia mbu?

#9 Kocha_wa_Asubuhi

Ya nyuzi, kijana wangu. Raketi moja watoto wanne, na uzi ukikatika kuupata hapa ni shughuli, mpaka mtu atoke Dar. Njoo asubuhi kabla jua halijapanda nikuanzishie mipira mitatu, mbu atajulikana ni nani.

#10 Bosi_wa_Banda

Niseme kama mtu aliyekuwa na banda la gemu, kabla sijahamia kwenye kuuza vifaa vya simu.

Watu wanasahau hii gemu ilizaliwa ili ile sarafu. Mwenye mashine anataka nini? Uingie, unogewe haraka, ufungwe haraka, uweke nyingine. Kwa hiyo kila kitu kimefupishwa: mechi fupi, batani ya kupiga, batani ya kupandisha mpira juu, na kasi ambayo haikupi nafasi ya kuangalia pembeni. Na banda ni hivyohivyo. Mimi nilikuwa na daftari mapajani na saa ukutani, jero yako ikiisha unaachia padi hata kama unaongoza 40 kwa 30.

PS3 nilikuwa nazo mbili. Moja wameishika watu wa PES kutwa nzima. Ya pili nikaweka Virtua Tennis 4, ikakaa siku nyingi hakuna anayeigusa. Wakaja wanafunzi wawili wanaosubiri zamu ya PES, wakaianza ili kupoteza muda. Kelele walizopiga ziliwainua watu wa PES kwenye viti. Baada ya hapo ikawa na foleni yake.

Padi ya kushoto stiki yake ilikuwa imelika ngozi, nikaivisha kipande cha puto. Tatizo hairudi katikati vizuri, kwa hiyo mchezaji wako anatambaa kidogo upande wa kulia hata kama umetulia. Kwenye PES unavumilia. Kwenye tenisi hatua moja ya pembeni ni pointi imekwenda. Wale vijana wakatunga sheria yao wenyewe: mshindi anabaki, lakini anahamia padi ya kushoto. Aliyeshinda mara tatu kwa ile padi alikuwa anaheshimiwa mtaa mzima.

Sasa ile safari ya peke yako, kutoka mchezaji wa mwisho mpaka namba moja duniani, bandani hakuna aliyewahi kuimaliza. Ukisevu leo, kesho mwenzio kafuta. Na ndiyo sehemu wachambuzi waliyoiandikia kurasa na kurasa. Mchambuzi alikuwa peke yake sebuleni, anapigana na kompyuta usiku kucha, tarehe ya kukabidhi kazi inakaribia. Sisi tulikuwa kumi na wawili kwenye mabenchi. Tumecheza gemu mbili tofauti zenye jina moja.

#11 Mtu_wa_Ngamiani

Bosi, hapo umeniwekea maneno mdomoni. Naongeza tu: kama gemu ilitengenezwa kwa ajili ya watu wawili wamekaa pamoja, haki ni kuipima na watu wawili wamekaa pamoja. Ukiipima peke yako umeionea.

#12 Mwana_wa_Chumbageni

Kwa hiyo tatizo ni wachambuzi kukosa marafiki.

#13 Dada_Raskazone

Hapana, msiwaonee na nyie. Mchambuzi anamwandikia mtu anayekwenda dukani kutoa pesa yake. Gemu mpya ya PS3 Marekani ilikuwa dola 60. Kwa bei hiyo msomaji anataka kujua: nitaicheza wiki ngapi? Kama nina ya tatu tayari, kuna sababu gani ya kununua ya nne? Hilo ni swali halali kabisa.

Sisi humu hatulioni kwa sababu tulicheza kwa jero, kwenye mashine zilizochipuliwa ili zisome CD za kunakili, CD haijulikani imetoka wapi. Jero haina uchungu. Ukilipa jero unapima dakika ulizocheza. Ukilipa dola 60 unapima kila kitu kilichopungua. Mtu aliyeinunua kwa pesa kamili angekuwemo humu, uzi huu ungekuwa na sauti nyingine.

#14 Kitumbua_cha_Alfajiri

Dada kaja na hesabu. Nimeelewa leo kwa nini mjomba wangu alikuwa mkali vile na ile PS3 yake.

#15 Kijana_wa_Mabawa

Mimi nadhani mnazunguka mbuyu. Sega waliwapa kazi Waingereza, Sumo Digital wa Sheffield, gemu ikapoteza mkono wa Kijapani. Mwisho wa habari.

#16 FundiPadi_Makorora

@Kijana_wa_Mabawa nusu kweli, na nusu iliyobaki inaipindua hoja yako. Sumo Digital walifanya ile ya 2005 ya PSP, mashine ya mkononi ya Sony, wakafanya Virtua Tennis 3 upande wa Xbox 360, wakafanya Virtua Tennis 2009. Lakini Virtua Tennis 3 ya PS3 ni Sega wenyewe. Na kati ya hizo mbili, ya Xbox 360, ya hao Waingereza, ndiyo iliyokuwa na kucheza mtandaoni. Ya PS3 haikuwa nayo kabisa, na wachambuzi waliisema sana kwa hilo. Zilitoka 2007, wakati mtu wa Ulaya ameshazoea kucheza na mtu wa mji mwingine.

Halafu ya nne, ambayo ndiyo tunayoililia, imerudi Japani kwa Sega wenyewe. Kama mkono wa Kijapani ndio dawa, ya nne ingepona.

#17 Kijana_wa_Mabawa

Sawa, lakini ya 2009 nayo haikusifiwa.

#18 FundiPadi_Makorora

Haikusifiwa, kweli. Ile ilionekana kama ya tatu iliyobadilishwa shati.

#19 Abu_Bandarini

Wakuu nimesoma toka juu. Mimi nina kesi yangu kidogo.

Marehemu mzee wangu alikuwa mtu wa bandari, na tenisi aliiona ni mchezo wa wazungu wa klabuni, haumhusu. Mwaka 2008 nilikuwa na PSP yenye Virtua Tennis 3, nimeicheza mpaka rangi ya batani ya msalaba imefutika. Ikaja fainali ya Wimbledon, Nadal na Federer. Mvua inakatiza, wanatoka, wanarudi, seti ya tano inakwenda 9 kwa 7 na giza linaingia. Mzee yuko kwenye kiti, mimi niko chini kwenye mkeka, na mimi ndiye ninayemwelezea: sasa wako 40 kwa 40 inabidi mtu ashinde mbili mfululizo, sasa anayeanzisha ameshindwa zamu yake, hapo ndipo mechi inapogeuka. Akaniuliza umefundishwa na nani haya? Nikamwonyesha PSP.

Mzee alikesha na ile mechi mpaka mwisho, chai ikapoa. Tangu siku ile kila Juni alikuwa anauliza Wimbledon inaanza lini.

Ninachotaka kusema ni kwamba wachambuzi wa huko walikuwa wameshaijua tenisi. Kwao gemu rahisi ni gemu yenye upungufu. Kwetu ule urahisi ndio mlango. Gemu ngumu kama Top Spin ningeitupa siku ya kwanza, na mzee wangu asingeiona ile fainali.

#20 Dada_Raskazone

Mungu amrehemu mzee, Abu. Hii nimeisoma mara mbili.

#21 Kocha_wa_Asubuhi

Amina. Na hapo kwenye mlango nakubaliana na wewe. Ninao watoto waliokuja uwanjani wanajua kuhesabu pointi tayari, ukiwauliza wanasema ni gemu ya simu. Kazi yangu inaanza mbele. Ila mlango ni mlango, Abu. Mchambuzi anauliza na vyumba vya ndani vikoje.

#22 Mpenzi_wa_Pini

Mbona hakuna aliyegusa mazoezi? Virtua Tennis zilikuwa na michezo midogomidogo ya mazoezi ambayo mimi naipenda kuliko mechi zenyewe. Ile ya kupiga mipira kuangusha pini kama mchezo wa boling, nimeicheza na dada zangu usiku mzima. Kila zoezi linamwongezea mchezaji wako kitu: nguvu, mbio, kuanzisha. Wachambuzi wa mwanzo waliyasifu sana hayo, na walikuwa na haki.

Kwenye ya nne mazoezi yamo, lakini safari yenyewe wameifanya kama ubao wa bahati. Unapewa tiketi zenye namba, unatumia tiketi kusogea hatua hizohizo. Unataka kufika kwenye shindano kubwa, lakini tiketi ulizonazo zinakurusha ulipite au zinakuangusha kwenye kituo usichokitaka. Umejifua, mchezaji yuko tayari, namba inakukatalia. Wachambuzi wengi walikasirika hapo na mimi nawaunga mkono. Mleta uzi anasema walihesabu vitu. Hapo hawakuhesabu, walicheza na wakaudhika.

#23 Mtu_wa_Ngamiani

@Mpenzi_wa_Pini hoja nzito, na nashukuru. Lakini ubao ule ni sehemu ya mchezaji mmoja tu. Ukienda mechi ya watu wawili moja kwa moja, ubao huuoni.

#24 Mpenzi_wa_Pini

Usiku mwenzio kalala utacheza na nani?

#25 Mzalendo_wa_Pweza

Acheni Sega. Mario Tennis je? Ile Aces ya Switch, 2018, nimeicheza kwa shemeji yangu aliyekuja likizo. Kuna kipimo cha nguvu kinajaa, unalenga kama unashika bunduki, na ukishindwa kuzuia vizuri raketi yako inavunjika. Ukiishiwa raketi umeshindwa, hata kama ulikuwa unaongoza. Hakuna kitu cha tenisi ya kweli pale na wachambuzi wameipa alama nzuri tu. Kwa hiyo hoja ya Kocha ya makosa na uhalisia inaingia wapi?

#26 Kocha_wa_Asubuhi

Mario hajawahi kuahidi uhalisia. Virtua Tennis imebandika sura ya Federer, imeweka viwanja vya udongo na nyasi. Ukiniwekea sura ya Federer nitadai tenisi ya Federer.

#27 Dada_Raskazone

Na @Mzalendo_wa_Pweza uitaje na ndugu yake. Mario Tennis: Ultra Smash ya Wii U, 2015, waliotengeneza ni walewale Camelot, na ilipata 58. Kupiga mpira hakukuwa na kasoro kubwa. Kasoro ni kwamba uwanja ulikuwa mmoja, wanabadilisha sakafu tu, na cha kufanya peke yako ni kidogo sana, huku bei ni ya gemu nzima. Aces yenyewe ilisemwa mwanzoni kwamba huwezi kupanga urefu wa mechi unavyotaka, na safari ya peke yako ni fupi, lakini Nintendo wakaendelea kuongeza wahusika bure. Narudi palepale kwangu: bei na kilichomo.

#28 FundiPadi_Makorora

Na kwa wanaoamini uhalisia unaokoa: Tennis World Tour, 2018. Ilitangazwa kwamba ndani yake wamo watu waliofanya kazi kwenye Top Spin 4. Ikatoka bila kucheza mtandaoni, wachezaji wanatembea kama wamefungwa magoti, na wachambuzi wakaizika. Uhalisia ulioahidiwa na usipofika ni mbaya kuliko gemu rahisi iliyokamilika.

#29 Kocha_wa_Asubuhi

Hiyo sikatai. Ile haikuwa tenisi wala gemu.

#30 Mgeni_wa_Pangani

Samahani wakuu, natoka nje ya mada. Nina simu ya kawaida tu, RAM 3. Naweza kucheza hiyo ya PSP?

#31 Bosi_wa_Banda

Unaweza, kwa PPSSPP, emuleta ya PSP ya kwenye simu. Virtua Tennis: World Tour ya 2005 ni nyepesi, ya tatu inataka upunguze ukubwa wa picha kidogo. Ila batani za kwenye kioo zitakuchosha, kidole kinafunika mpira. Tafuta padi ya Bluetooth.

#32 Mgeni_wa_Pangani

Asante mkuu. Na Tennis Clash?

#33 Bosi_wa_Banda

Tennis Clash ya 2019 ni ya kutelezesha kidole, inataka bando muda wote, na ukipanda juu utakutana na watu walionunua raketi zao kwa pesa halisi. Mwanzo inanoga. Mbele utahisi unapigana na pochi ya mtu.

#34 Mwana_wa_Chumbageni

Kama timu yetu Coastal Union inavyopigana na pochi za Kariakoo kila msimu.

#35 Kitumbua_cha_Alfajiri

Usiguse Coastal asubuhi hii. Mabingwa wa 1988 sisi.

#36 Kijana_wa_Mabawa

1988 hata Dreamcast haijazaliwa, bado mnaimba wimbo huohuo. African Sports tupo kimya tunawaangalia.

#37 Msimamizi_wa_Jukwaa

Coastal na Sports wana jukwaa lao. Turudi kwenye tenisi tafadhali.

#38 Mwalimu_wa_Hesabu

Naomba niingize jambo la alama zenyewe, maana watu mnazitumia kama vipimo vya hospitali.

Metacritic ilianza 2001. Virtua Tennis ya Dreamcast ilitoka 2000. Maana yake ile 92 imekusanywa baadaye, kutoka kwenye maandiko ambayo waandishi wake hawakujua kwamba siku moja yatachanganywa yawe namba moja. Wengine walitoa nyota, wengine herufi, wengine 10. Metacritic inageuza vyote kuwa kwenye 100, halafu inawapa baadhi ya waandishi uzito kuliko wengine. Ikifika 2011 hali nyingine kabisa: kila mchambuzi anajua namba yake itaingia wapi, na kampuni za gemu nazo zinaziangalia hizo namba.

Kwa hiyo kutoa 70 kwenye 92 ukapata 22 ni hesabu sahihi ya vitu viwili visivyofanana. Mimi ningesoma maandiko, nisome walichosifu na walichokataa, namba niiache.

#39 Mtu_wa_Ngamiani

Mwalimu, nakubali namba zina matatizo yake, ila mwelekeo unaonekana hata bila namba. Ya tatu ilikuwa karibu na 80, ya 2009 na ya nne zikashuka zaidi. Inateremka ngazi. Na ukisoma maandiko yenyewe, kama unavyotaka, mapenzi ya 2000 huyaoni tena 2011. Kuna kitu kilitokea kwa hao watu.

Tena nina jingine. Mwaka 2011 kila mtu alikuwa na wazimu wa kucheza kwa kurusha mikono. Virtua Tennis 4 ilitangazwa kwa Move ya Sony na Kinect ya Microsoft. Wii Sports ya 2006 ilishawaonyesha watu tenisi ya kurusha mkono sebuleni, mpaka bibi anacheza. Wachambuzi wakaipima ya nne kwa hilo, wakakuta mkono hauendi sawa na raketi, wakakata alama. Padi, ambayo ndiyo gemu yenyewe, ikapewa aya mbili.

#40 Kocha_wa_Asubuhi

Mleta uzi, tangu jana unasema padi ni ileile. Si ileile. Umeusahau mstari ule wa nguvu kwenye ya nne? Kila mchezaji ana mtindo wake: huyu mtu wa wavuni, yule wa kupiga kwa nguvu kutoka nyuma, mwingine wa kukimbiza mipira yote. Ukicheza kwa mtindo wake mstari unajaa, ukijaa unaachia pigo kuu, kamera inahama, muda unazubaa, mpira unakwenda kama risasi. Kwenye ya kwanza hakuna kitu hicho. Kule pointi unaijenga mwenyewe: unamvuta kushoto, unamvuta kushoto tena, halafu kulia. Kwenye ya nne unangoja mstari ujae. Hapo waliugusa moyo wa mchezo, na mchambuzi aliyekata alama kwa sababu hiyo alikuwa anaitetea Virtua Tennis ya kwanza unayoipenda wewe.

#41 Bosi_wa_Banda

Kocha, bandani lile pigo kuu ndilo lililokuwa linawasimamisha watu. Likijaa, benchi zima linahesabu.

#42 Kocha_wa_Asubuhi

Benchi linafurahi, mchezaji je? Kamera ikihama anayepigiwa hajui asimame wapi.

#43 Abu_Bandarini

Mimi lilinikera hilo la kamera. Unakatwa katikati ya pointi.

#44 Mtu_wa_Ngamiani

Mimi sikubali kwamba pigo moja linabadilisha gemu nzima. Linakuja mara chache, na aliyekaa vizuri anarudisha. Nawaambia tujaribu. Bosi, ile PS3 bado unayo?

#45 Bosi_wa_Banda

Ipo, imefunikwa kitambaa. CD ya nne ninayo. Padi ya kushoto ndiyo ileile.

#46 Mtu_wa_Ngamiani

Basi Jumamosi baada ya alasiri. Mimi naleta laptop yenye ya kwanza. Kocha anacheza zote mbili na mimi, Dada_Raskazone awe mwamuzi.

#47 Dada_Raskazone

Nakuja, ila nami nacheza. Na tukipima tupime na ya upande wa pili, vinginevyo hoja ya Kocha haijajibiwa. Nani mjini hapa ana CD ya Top Spin 4?

#48 Mpenzi_wa_Pini

Ninayo ya Xbox 360. Ya PS3 sina.

#49 Mgeni_wa_Pangani

Xbox 360 ipo kwa kaka yangu huku. Gari la asubuhi linafika Tanga saa ngapi siku hizi?